Msitu Uliofyekewa Mgeni

Aziza alilichoka neno "tayari" kabla hata mgeni hajafika. Tangu ofisi moja ya Bujumbura ilete habari kwamba mtaalamu wao atakuja kupima kama zoni ya Kizuka iko tayari kwa mradi wa kulinda msitu, kila mtu alikuwa na lake la kutayarisha. Chefu wa zoni, yaani mkuu wa eneo, alitayarisha hotuba, kwaya ikatayarisha wimbo, na komanda wa kambi ya askari ya barabarani, ambaye hakualikwa na mtu, naye akawa na lake.

Aziza, au Mama Sabrina kama walivyomwita, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya msitu, cheo kisichomletea kitu nyumbani isipokuwa lawama. Msitu wenyewe haukuwa mkubwa. Ulishuka kilimani hadi kando ya barabara ya Rumonge, ng'ambo yake ziwa, na ndani ya msitu huo ilitoka chemchemi iliyonywesha mtaa mzima na kuwapa maji wanawake wa kukamua mawese, yeye akiwa mmoja wao. Miaka yote ya vita watu walikimbia, wakarudi, wakakimbia tena, na kila waliporudi walitaka kuni. Aziza alisimama njiani akagombana nao. Aliitwa mchoyo, aliitwa mchawi, na maji yakaendelea kutoka. Mradi ungekubaliwa, msitu ungepata walinzi wa serikali, naye angebaki kugombana na mumewe tu kama wanawake wengine.

Mtaalamu, bwana Aristide, alikuwa amesema redioni kwamba mvua zimeharibika dunia nzima na misitu kama huo ndiyo itakayozitengeneza. Safari yake aliiahirisha mara nyingi. Kila alipopanga, gari lilichomwa njiani Kabezi au risasi zililia Gitaza, na hakuna aliyemlaumu. Mwishowe akampigia komanda simu, akaomba ahakikishiwe usalama, sekirite kama walivyozoea kuiita. Komanda akamhakikishia kwa namna aliyoijua: miti yote ya kando ya barabara ikatwe, adui akose pa kujificha. Chefu Léonard, ambaye hajapata kukutana na amri asiyoipenda, akaitangaza kuwa kazi ya pamoja ya Jumamosi. Kila nyumba itoe mtu na panga.

Aziza alimkuta chefu akijaribu koti la kupokelea mgeni.

"Chefu, mugeni anakuja kuona nini?"

"Musitu, Mama Sabrina."

"Na wewe unakatisha nini?"

Chefu akashusha pumzi. "Nakatisha pahali pa kujificha. Bila vile hakuna sekirite, na bila sekirite hakuna mugeni. Unataka nifanye je?"

Akaenda kwa komanda. Huyo alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, tena akakubaliana naye. "Hata mimi napenda miti, mama," alisema. "Lakini ni mule adui walitokea wakaua vijana wangu." Aziza akatoka akiwa ameudhika kuliko alivyoingia. Akapiga simu Bujumbura. Akaambiwa bwana Aristide yuko kwenye semina ya misitu, ajaribu tena Jumatatu.

Jumamosi watu walijaa kuliko walivyowahi kujaa kwenye mkutano wake wowote. Walianzia barabarani kama walivyoagizwa, lakini kuni za bure hazina mpaka, na panga zikaanza kupanda kilima. Askari walitazama tu. Aziza akakimbilia chemchemini, akakaa juu ya mizizi na kukataa kuondoka. Esha, mkamuaji mwenzake, na wanawake wengine wa mawese wakaja kukaa naye, si kwa ajili ya mvua za dunia bali kwa ajili ya mapipa yao. Hapo ndipo panga zilipoishia. Kuni zikagawiwa nyumba kwa nyumba, na fungu lake likaletwa mlangoni.

Bwana Aristide alifika wiki iliyofuata, mzima, akiwa na furaha ya mtu aliyeona mbele njia nzima.

"Barabara iko muzuri sana," alisema. "Inaonekana muko tayari." Kisha akainua macho kilimani. "Na musitu iko wapi?"

Chefu alimtazama Aziza. Komanda alitazama ziwa. Aziza, ambaye alikuwa akimpikia mgeni wali, alionyesha kwa mwiko.

"Iko hapa chini ya sufuria, bwana. Ingine iko kwa chefu."

Alimpeleka chemchemini. Bwana Aristide aliinama, akanywa maji kwa kiganja, akaizunguka miti iliyobaki. Alikuwa na huzuni ya kweli, na Aziza akatamani angalau angekuwa mjeuri ili apate wa kumtukana.

"Ni kidogo sana, mama. Mradi haiwezi kuingia pahali kama hapa. Nitasema kwamba bado hamuko tayari."

Hasira ilimpanda Aziza mpaka masikioni na haikupata pa kutokea. Alimpakulia wali, na mgeni akala vizuri. Wakati wa kuagana, bwana Aristide akaahidi kwamba ofisi itatuma mtu tena, na safari hiyo watatoa habari mapema zaidi, ili wananchi wapate muda wa kujitayarisha.

Aziza aliushika mlango wa gari usifungwe.

"Murakoze, asante, bwana Aristide," alisema. "Lakini mukirudi, mukuje bila kutujulisha. Miti yenye imebakia haitoshi kupokea mugeni mwingine."