Kamera ya Chumba cha Nyuma

Mume wangu, fundi wa majokofu, hajawahi kuelewa kwa nini watu wazima walipe kiingilio kuangalia katuni.

"Tena za kutisha," alisema tukiingia ukumbini. "Yaani watoto mmewanyang'anya hata hiki?"

Nilimfinya mkono anyamaze. Siku hiyo nilikuwa na raha zangu.

Filamu yetu ilikuwa na hadithi nne fupi, zote za giza, kila moja na mchoraji wake. Ya pili ilikuwa yangu: mshonaji anayewashona midomo wateja wanaosengenya. Watu walicheka, kisha wakaguna. Mume wangu akaninong'oneza kwamba kuanzia leo hatanijibu neno.

Ya tatu ilikuwa ya Wino. Tulimwita hivyo kwa sababu vidole vyake havikuwahi kutakata. Tulikaa meza moja kazini, tukala sahani moja, na ndiye mtu pekee niliyemwambia kwamba mimba yangu iliharibika. Mume wangu alikuwa safarini kikazi, hata hakujua kama nilikuwa mjamzito. Nilitaka nimwambie mwenyewe, moyo ukitulia. Moyo nao ukagoma.

Sisi hatuchori mwendo kwa kubahatisha. Mchoraji huingia chumba cha nyuma, akaigiza mbele ya kamera, kisha akachora akiifuata picha yake mwenyewe. Wino ndiye aliyekuwa akinirekodi siku ile nilipoishiwa nguvu katikati ya igizo la mshonaji, nikakaa sakafuni.

"Lia, mwenzangu," aliniambia. "Kamera nimeshazima."

Nikalia mpaka sauti ikanikauka, nikamweleza yote.

Sasa, kwenye skrini, fisi jike alikaa sakafuni. Akauma ncha ya mtandio. Akajikandamiza tumbo kwa ngumi, akajifuta pua kwa kiwiko, kama ninavyofanya mimi tangu utotoni. Kisha akasema, "Nilishampa jina. Hata baba yake sijamwambia." Sauti ilikuwa ya mwigizaji, maneno yalikuwa yangu. Safu ya nyuma mtu akacheka. Mume wangu aliniangalia kiwiko, akauondoa mkono wake kwenye wangu.

Hadithi ya nne sikuiona.

Taa zilipowashwa Wino akaja mbio, akanikumbatia kabla sijamkwepa.

"Usinikasirikie, mwenzangu. Kilio kama kile hakiigiziki."

"Ulisema umezima."

"Nilitaka kuzima. Halafu nikaona ni kizuri mno." Akatabasamu. "Na uso nimekuficha, si unaona? Nani atajua?"

Nilimwamini huyu kuliko ndugu zangu wa damu, na yeye alikuwa amesimama nyuma ya kamera akipima kilio changu. Nilitamani kumzaba kibao mbele ya watu wote.

Mume wangu akatangulia kusema.

"Ilikuwa lini?" Aliniuliza mimi.

"Ulipokuwa safarini," Wino akajibu.

Mume wangu akatikisa kichwa taratibu. Macho yake yalikuwa mekundu, na hayakuniacha.

"Na jina? Ulimpa jina gani?"

Jina lile nilikuwa nimelitamka mara moja tu, sakafuni, kwenye chumba cha nyuma. Nikafungua mdomo nimwambie baba yake.

Wino akaniwahi. Akalitaja kwa upole kabisa, kama mtu anayenisaidia.