Nyumba ya Mama Oswald

Oswald alipomjengea mama yake nyumba, kijiji kizima kilikwenda kuitazama. Ilikuwa na bati la rangi ya damu ya mzee, madirisha ya aluminiamu, na sakafu ya vigae iliyong'aa hata watu wakaogopa kuikanyaga. Kabla ya hapo Bibi Honorata, ambaye wengi walimwita Mama Oswald, alikaa katika nyumba ya matofali mabichi yenye jiko la nje. Mafundi waliibomoa nyumba, wakaacha jiko tu kwa sababu walihitaji mahali pa kuwekea saruji.

Kijiji chenyewe kiko kando ya barabara ya Kasulu, mbele kidogo ya Kidahwe. Oswald alikuwa mkandarasi Dodoma, na mwaka ule alikuwa amepata kazi kubwa za kujenga madarasa. Siku ya kubariki nyumba alikuja na gari lake. Padri alinyunyiza maji kila chumba, watu wakala pilau na nyama, Oswald akasimama mbele ya wageni akasema, "Mama, nyumba hii ni yako." Mama akalia kwa furaha. Kesho yake asubuhi Oswald akaondoka.

Aliyebaki na mama alikuwa Leonia, mdogo wake Oswald. Alikuwa ameachika Kasulu akarudi kwao na watoto wawili, na kazi yake ilikuwa kukamua mawese. Alinunua chikichi kwa wenye mashamba, akachemsha, akatwanga, akakamua, kisha akapeleka mafuta Kigoma mjini kuyauza. Chikichi zikiwa nyingi walikula vizuri. Zikiadimika walikula mihogo, na siku nyingine uji wa chumvi. Oswald alituma hela za matumizi mwanzoni, halafu akawa anatuma mara mojamoja, halafu kimya kikawa kirefu. Akipigiwa simu alisema mambo yatakaa sawa. Mama naye alimjibu, "Usihangaike, mwanangu. Sisi tunakula."

Ndipo serikali ilipoleta mpango wa kusaidia kaya maskini. Mkutano wa hadhara ukaitwa kwenye uwanja wa shule. Afisa kutoka wilayani akaeleza kwamba yeye hakuja kumchagua mtu. Wanakijiji wenyewe ndio wanajuana, wataje kaya zisizojiweza, na mkutano ukubali au ukatae. Majina yakaanza kutajwa. Jirani mmoja akamtaja Leonia na mama yake, watu wakaangua kicheko.

"Wale wa nyumba ya vigae?" mwanamume mmoja akauliza kutoka nyuma. "Kama wale ni maskini, sisi tuitweje?"

Leonia akasimama. "Vigae havipikwi," alisema. "Anayebisha aje afunue vyungu vyangu."

Kicheko kikakatika. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Elikana, akamgeukia afisa. "Anachosema binti huyu kina ukweli. Nyumba kajenga kaka yake, na kaka yake yuko mbali. Lakini mama yao yupo hapa. Tumsikie mwenyewe."

Bibi Honorata aliinuka taratibu, akajifunga kitenge vizuri.

"Mimi si maskini," alisema. "Nina mtoto Dodoma."

Akaketi. Hapo hapakuwa na la kujadili tena. Mkutano ukaendelea na jina lingine.

Wakiwa njiani kurudi, Leonia alitembea mbele hadi walipofika kwenye migomba yao.

"Mama, umetunyima chakula kwa mdomo wako mwenyewe."

"Ulitaka niseme mbele ya watu wote kwamba mwanangu hanilishi?"

"Kwani anakulisha?"

Mama aliingia ndani, akavua ndala mlangoni ili asichafue vigae.

Miezi iliyofuata ilikuwa migumu. Bei ya chikichi ilipanda, na Leonia akawa anapata mafuta kidogo tu ya kuuza. Bibi Honorata alikuwa na shinikizo la damu. Wazee hawakulipia kumwona daktari, lakini dawa zake mara nyingi hazikuwepo zahanati, ikabidi zinunuliwe dukani. Bila kumwambia mtu, alianza kukata vidonge nusu nusu. Baadaye akawa anaruka siku. Asubuhi moja alianguka akifagia uwanja, na Leonia akampakia kwenye pikipiki ya bodaboda, yeye nyuma akimshika kiunoni, wakampeleka zahanati.

Muuguzi waliyemkuta alikuwa Asnath, mwenyeji wa Same, aliyehamishiwa hapo kijijini mwaka uliopita. Alimpima, akampima tena, akatikisa kichwa.

"Shikamoo, bibi. Dawa unameza kila siku?"

"Marahaba. Nameza."

"Anazikata," Leonia alisema. "Nimekuta vipande chini ya mto wake."

Asnath hakumgombeza mzee. Alimhudumia mpaka hali ikatulia, na Jumapili baada ya ibada alikwenda kumtazama kwao. Alipoiona nyumba alidhani amepotea. Aliingia sebuleni, akaona masofa ambayo bado yamefunikwa nailoni, na watoto wa Leonia wakila muhogo mkavu sakafuni.

"Vyumba vyote hivi analala nani?" aliuliza.

"Kimoja mama, kimoja mimi na watoto. Viwili ni vya kaka akija."

"Huja lini?"

Leonia alicheka tu.

Asnath mwenyewe alikuwa amepanga chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, vumbi la unga na kelele kutwa nzima. Mume wake na watoto walikuwa bado Same kwa sababu hakukuwa na nyumba ya kuwaweka. "Mimi ningepata nyumba kama hii, ningelipa kodi hata leo," alisema, na hakuwa anatania.

Leonia alisubiri Asnath aondoke, kisha akamweleza mama wazo la kumpangisha. Mama alikataa katakata. Nyumba ya Oswald haiwezi kugeuzwa gesti.

"Siku ya kubariki alisema ni ya nani?" Leonia aliuliza.

Siku kadhaa mama alikaa barazani, akiwatazama wajukuu wakitoka shule na kwenda moja kwa moja kufunua sufuria. Jioni moja akaita, "Leonia, jiko lile litatosha vitanda?"

Lilitosha. Walilikandika upya kwa udongo, wakaligawa kwa ukuta wa matete, wakahamia. Familia ya Asnath ikaja na mizigo yake ikaingia kwenye nyumba kubwa. Kodi ilinunua mahindi, dagaa wa Kibirizi na dawa za mama, na iliyosalia Leonia akanunulia chikichi mapema kabla bei haijapanda. Kijijini walisema Mama Oswald kafukuzwa kwake na wageni. Yeye aliwajibu kwa Kiha kwamba tumbo lake halijui limelala kwenye nyumba gani.

Oswald hawakumwambia. "Akija ataona," mama alisema.

Alikuja kiangazi, bila taarifa, akiwa na fundi wa kupima ukuta wa kuzungushia uwanja. Alimkuta Asnath akianika nguo.

"Samahani, wewe ni nani?"

"Mimi ndiye mpangaji. Karibu. Unamtafuta bibi? Yuko kule nyuma."

Oswald alizunguka nyuma akamkuta mama yake mlangoni pa jiko, anachambua dagaa kwenye ungo. Alisahau hata kuamkia.

"Mama! Nani kakuweka humu? Leonia yuko wapi? Mmenidhalilisha! Kesho nasema mtu huyu atoke!"

"Hatoki," mama alisema. "Amelipa, na aliyempangisha ni mimi."

"Mimi nimejenga ile nyumba!"

"Umejenga. Sikukuomba nyumba, Oswald. Wala sikukuomba ukuta." Aliweka ungo chini. "Mkutanoni waliniuliza kama sina kitu, nikakuficha. Nikaendelea kukuficha mpaka nikaanguka hapo uwanjani. Sasa nimechoka kukuficha."

Leonia alikuwa amesimama pembeni, mikono imejaa mafuta mekundu. Alieleza yote: mkutano, uji wa chumvi, vidonge. Hakupaza sauti. Oswald alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akaketi juu ya gogo la kupasulia kuni, na suruali yake nzuri.

"Sijalipwa," alisema hatimaye. "Zile kazi nilizofanya, bado nazungushwa. Nyumba hii niliimalizia kwa mkopo. Gari nimeshauza, nimekuja kwa basi."

"Na ukuta?" Leonia aliuliza.

"Mkopo mwingine."

"Kwa nini hukusema?"

"Kila mkinipigia simu, mama anasema mnakula."

Kutoka nyumba kubwa zilisikika sauti za watoto wa Asnath wakigombania ndoo.

"Basi tulikuwa tunadanganyana," mama alisema. Akaokota ungo wake. "Mwambie fundi aje ale, halafu arudi kwao. Hapa hakuna ukuta."

Fundi alikula ugali na dagaa, akapewa nauli, akaondoka. Oswald alikwenda kumwomba radhi Asnath kwa makelele, naye akamwambia kuna chumba anaweza kulala. Alikataa. Alilala jikoni kwenye mkeka pamoja na wapwa zake, na usiku kucha walimuuliza habari za treni ya umeme ya Dodoma.

Alikaa karibu wiki nzima. Siku ya pili aliona bati la jiko limeoza upande mmoja, akaazima nyundo na ngazi kwa Mzee Elikana. Ilikuwa miaka mingi tangu apande juu ya paa mwenyewe. Siku hizi alizoea kusimama chini na kuonyesha kidole. Kufikia mchana viganja vilikuwa vimetoka malengelenge. Leonia alishika ngazi, na mama alisimama uwanjani akimwelekeza wapi msumari umekaa vibaya.