Sauti ya Spika ya Kushoto

Jumatatu saa nne asubuhi, dereva wa gari la mikate alisimama mbele ya karakana ya Mama Waya, fundi wa redio za magari, akaomba redio yake iongezwe nguvu.

"Unapenda muziki mkubwa?" fundi aliuliza.

"Ni mke wangu. Nilimzika mwezi wa tatu. Sasa anaongea humu ndani, ila simsikii vizuri."

Mama Waya alifuta mikono, akainama, akatega sikio kwenye spika ya kushoto, upande aliokaa marehemu miaka kumi na tisa akipakata mikate laini isibonyee. Kweli mtu alikuwa anaongea, chini chini, kama yuko chumba cha pili na mlango umefungwa.

"Usipandishe sauti mpaka mwisho," alisema. "Redio yenyewe haina ubavu. Ukiikamua itakwaruza, spika iungue. Tufunge amplifaya."

Alichagua inayolingana na spika, akavuta waya mnene kutoka kwenye betri. Chini ya kiti alikwangua rangi mpaka bati likang'aa, akakaza hapo waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi. Dereva alikuwa na haraka, akamwambia aachane na fyuzi, aunganishe moja kwa moja.

"Fyuzi inakaa hapa, shubiri moja kutoka kwenye betri. Waya ukichubuka bila fyuzi, gari litawaka moto na wifi yangu ndani."

Dereva akamwacha afunge fyuzi.

Redio ilipowashwa, sauti ilitoka safi.

"Mume wangu, punguza redio kidogo. Nina jambo nataka kukwambia."

Alipunguza upesi. Sauti ikafifia, ikapotea. Akapandisha.

"Mume wangu, punguza redio kidogo."

Alijaribu mara nne. Mama Waya alipima betri, nyaya na spika. Vyote vilikuwa sawa.

"Alikuwa anakuomba hivyo akiwa hai?"

"Kila siku."

"Wewe ulikuwa unamjibu nini?"

Dereva alitazama usukani. "Ngoja wimbo uishe."

Fundi alikusanya bisibisi zake. "Mimi naongeza nguvu tu, kaka. Hilo lingine sina spana yake."

Dereva akaenda kusambaza mikate. Kwenye duka la kwanza, muuzaji aliinama dirishani akasema shikamoo mama, akaitikiwa marahaba kutoka kwenye spika, akachukua mikate yake.

Mbele kidogo dereva aliegesha kando ya ukuta wa shule. Alizima redio, akazima na injini, akageukia kiti cha kushoto.

"Haya, mke wangu. Sema, nakusikiliza."

Watoto walitoka kwenda mapumziko, wakapiga kelele, kengele ikalia, wakarudi darasani. Yeye bado alikuwa amegeuka vilevile, shingo ikimuuma, mpaka duka la pili lilipopiga simu kuulizia mikate. Akawasha gari. Redio ikawaka yenyewe, na mkewe, kwa upole uleule, akaanza upya kumwomba.