Sufuria Iliyochemka kwa Breki

Saa nne asubuhi ya Jumatano Gaudensia alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua maharage. Sufuria ya maji ilikuwa juu ya mafiga, moto bado hajawasha. Maji yakaanza kuchemka. Akajua binti yake Capitoline ameanza kushuka mlima.

Ilikuwa hivyo tangu Audace, mnunuzi wa maharage, alete baiskeli za breki za diski huku Mwese. Lori lake halipandi, anaogopa springi zitakatika, kwa hiyo magunia yanashushwa na mabinti wa watu. Mteremko ni mrefu, breki inabanwa mwanzo mpaka mwisho, kile kisahani cha chuma kwenye gurudumu kinapata moto mpaka kinageuka rangi, na moto wake unatokea jikoni kwa mama wa mtoto anayeendesha. Fundi baiskeli alipoulizwa alisema joto lazima liende mahali.

Jirani yake Paskalia alikuwa anakuja na sufuria yake kupikia hapo kila Jumatano. Wiki iliyopita maharage yake yalikawia kuiva, akamtumia Audace neno kwamba gunia moja halitoshi. Audace hakuombwa mara mbili, akafunga mawili. Gaudensia alimfuata, akamsihi basi mtoto awe anasimama njiani breki ipoe. Mtu mzima na akili zake akamjibu: "Lori langu haliwezi kusubiri breki ipoe, Mama Capitoline. Na wewe si unapikiwa bure?"

Leo mfuniko uliruka. Maji yakachemka kwa fujo, halafu yakatulia ghafla, wakati Capitoline hawezi kuwa amefika hata nusu ya njia. Breki ikipata moto kupita kiasi haikamati tena. Unaibana mpaka mwisho, na baiskeli inakwenda tu.

"Mbona imezima?" Paskalia akauliza. "Yangu bado mabichi."

Gaudensia alishatoka mbio. Alimkuta mwanae kwenye majani ya kona ya tatu, mkono umevunjika mahali pawili, gunia limemlalia miguu. Capitoline akasema alibana, mama, alibana kwa vidole vyote. Audace alikuwa ameshapanda kutoka chini. Alikuwa anaokota maharage, akauliza gunia la pili limeangukia wapi.

Siku zilizofuata Gaudensia alipita nyumba kwa nyumba. Mtoto asimame kila kona, aliwaambia, chuma kipoe chenyewe, asikiguse wala asikimwagie maji, kitapinda. Akikatazwa kusimama, asishuke. Wakamsikiliza vizuri, wakampa pole.

Jumatano iliyofuata maji ya Gaudensia yalikaa baridi. Saa nne Paskalia akaja kumwita: jikoni kwake maharage yanachemka bila kuni. Binti yake Dorice ndiye aliyepewa baiskeli.

"Lete na yako," Paskalia akasema.

Gaudensia akamfuata mpaka jikoni. "Kabeba magunia mangapi?"

"Matatu," Paskalia akajibu, akainama kuonja chumvi.