Kwementyaye Wawili, Helmeti Moja

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, Bibi Doreen alimfunga mjukuu wake wa kike mkanda wa helmeti kidevuni, akaulegeza kidogo usimbane, akampa mkate uliookwa majivuni, ungali na joto, apande baiskeli yake. Binti alikuwa akijifunza uuguzi kwenye kliniki ya figo. Alishachelewa mara mbili. Ya tatu, nafasi inakwenda.

Babu yake alikuwa akimngoja kwenye kona ya kituo cha mafuta, juu ya baiskeli yake ileile, kichwa wazi. Alizikwa mwezi wa tatu, lakini kila asubuhi humsindikiza. Polisi walikuwa wamemkamata kwa kuendesha bila helmeti, wakamtia mahabusu, na humo kichwa chake kikapasukia kwenye sakafu ya saruji. Sheria ni ya kulinda vichwa.

Konstebo Hargreave akawasimamisha. Watoto wawili wa kizungu wakapita na baiskeli zao, nywele zikipepea, wakamsalimu. Akawapungia mkono.

"Mzee, helmeti iko wapi?"

"Ya nini tena, bwana mkubwa? Kichwa si mmeshakimaliza?"

"Jina?"

"Kwementyaye."

"Na wewe, dada?"

"Kwementyaye."

"Mnanichezea, siyo?"

Hawakumchezea. Kwao, wenyeji wa asili wa nchi hii, jina la marehemu halitamkwi, na aliye hai mwenye jina hilohilo huliweka kando. Wote huitwa Kwementyaye, yaani asiyetajwa jina, mpaka msiba upoe. Binti alipewa jina la babu yake. Konstebo akatazama mashine yake: Kwementyaye ana makosa kumi na manne, ya kila aliyewahi kuitwa hivyo. Akamtia mzee pingu, zikapita mikononi kama kwenye moshi. Akamtia binti.

Bibi Doreen alifika kituoni na kandambili zake, moja imegeuka.

"Wewe kijana, macho unayo? Huyu helmeti si hiyo kichwani?"

"Ataje jina lake la kweli, mama, aende zake."

Binti akamtazama babu yake, aliyesimama kando ya meza. Huwezi kumtaja marehemu mbele ya uso wake. "Kwementyaye," akasema tena.

Mlangoni mwa selo wakamvua binti mshipi, kamba za viatu na helmeti, maana kitu chenye mkanda ni hatari kwa mahabusu. Babu akapita ukutani, akaketi juu ya saruji, akakipakata kichwa cha mjukuu wake.

Saa mbili na nusu kliniki ikaita mtu mwingine ashike nafasi yake.