Kuku wa Kambini

Mwaka ule kiwanda kilipotangazwa kuuzwa, wafanyakazi waligawanyika mafungu mawili: waliokwisha kupunguzwa na waliokuwa wakingoja kupunguzwa. Wachezaji wa Matogoro, timu ya kiwanda, hawakuwa katika fungu lolote. Mzee Otto, ambaye alikuwa ofisa utumishi na papo hapo mwenyekiti wa timu, alikwisha kusema mbele za watu kwamba anayecheza mpira haguswi. Timu ikishuka daraja, mnunuzi atadhani na kiwanda kimeshuka.

Kwa hiyo Daimu, golikipa, alikuwa na kazi, chumba kule Ruhuwiko na jina mjini, vyote kwa ajili ya mikono yake miwili.

"Siku nikitolewa golini," alimwambia mdogo wake Zulfa, "siku hiyo hiyo tunarudi kwetu Nalasi, Tunduru, kupalilia mikorosho. Mpira ndio ajira yetu. Hii ya kiwandani ni kivuli chake."

Zulfa alimfuata kaka yake Songea baada ya baba yao kufariki, akiwa ameachia shule darasa la tano. Alikuwa msichana wa maneno machache. Ukimsalimu, aliitikia huku akitazama vidole vyake vya miguu. Lakini jikoni mkono wake haukuwa na aibu, na Daimu akamwombea kazi ya kupika kambini.

Kambi ilikuwa nyumba ya kupanga pale Mfaranyaki, imezungushiwa ua wa matete. Kabla ya mechi kubwa wachezaji waliwekwa humo wasionane na wake zao wala marafiki zao, siri isitoke. Kila timu ilikuwa na kocha, na kila timu ilikuwa na fundi wa dawa. Kocha alikaa uwanjani watu wakimwona. Fundi alipita mlango wa nyuma, na haikuwa adabu kuuliza amekuja kufanya nini.

Juma lile walikuwa wakingoja wageni kutoka Mtwara, na fundi akaja na kuku. Jogoo mchanga, mwekundu, kamba mguuni.

"Huyu ataishi humu mpaka mechi iishe," alisema. "Asichinjwe, asitolewe nje. Yeye ndiye jicho la kambi."

Jicho la kambi likafungwa jikoni. Wachezaji walimwogopa, wakampita mbali. Aliyempa pumba na makombo ya ugali alikuwa Zulfa, na hata siku mbili hazikupita jogoo akawa anamfuata kama mtoto. Akiinua ungo tu, jogoo alinyoosha shingo. Akitoka kuchota maji, jogoo alivuta kamba mpaka kibanda cha jiko kikatikisika.

Ndani ya ua ule kocha Valence alikuwa akiwafundisha ujanja wa kona. Nahodha wao Saimon ndiye aliyepiga kona. Akishika sikio, wachezaji wote wapande golini kama wanaokwenda kupiga kichwa, kumbe mpira utarudishwa nyuma kwa Polikarp, aliyesimama peke yake na mguu wenye shuti la kuua.

"Ishara hii ikivuka matete haya," kocha aliwaambia, "tumekwisha."

Ilivuka. Zulfa aliiona ikivuka kwa macho yake.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, bombani. Foleni ya ndoo ilikuwa ndefu, na Mama Hilda, mke wa Mzee Otto, alikuja na ndoo yake kwa kuwa bomba la kwao lilikuwa limekauka. Alikuwa mwanamke mkunjufu, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Hakukaa kimya hata dakika.

"Kesho msikose uwanjani, jamani. Mkimwona Saimon anashika sikio, anzeni kushangilia kabisa, hilo ni goli. Wote wanajifanya kwenda mbele, kumbe mpira unarudi kwa Polikarp. Baba Hilda alinieleza mezani akitumia vijiko."

"Na wewe ukawa golikipa?" mwanamke mmoja akamtania.

"Mimi nilikuwa bakuli la maharage. Nikafungwa."

Wanawake wakacheka mpaka ndoo zikagongana. Pembeni palikuwa na mwanamume aliyekuwa akifua jezi zilizoliwa na vumbi la safari, kazigeuza ndani nje. Yeye hakucheka. Aliacha kufua kwa muda, halafu akaendelea polepole, bila kutoa povu. Zulfa alimwona. Hakumjua, na hata angemjua, yeye si mtu wa kumwambia mke wa mwenyekiti afunge mdomo.

Kesho yake alimwona tena, amekaa kwenye benchi la wageni, taulo shingoni.

Kipindi cha pili Matogoro walipata kona. Saimon akashika sikio. Zulfa, aliyesimama nyuma ya benchi na birika la chai, aliona wachezaji wawili wa Mtwara wakiliacha goli lao na kwenda kumsubiri Polikarp, bila haraka, kama watu wanaokwenda kupokea mgeni stendi. Mpira uliporudishwa wakauchukua wao. Matogoro wote walikuwa mbele. Nyuma alibaki Daimu peke yake, na uwanja mzima wazi kama shamba lililovunwa. Alitoka, akajitupa, mpira ukampita chini ya ubavu.

Moja kwa bila, mpaka mwisho.

Filimbi ilipolia, mshambuliaji wa wageni, Myao wa Masasi, alimwinua Daimu kwa mkono na kumwambia neno kwa Kiyao. Daimu akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa cha mtu aliyechoka, cha kuitikia lugha ya nyumbani tu. Lakini jukwaa zima lilikiona.

"Mnaona?" mtu akasema nyuma ya Zulfa. "Wanahesabiana pesa."

Jumatatu hawakuruhusiwa kutoka kambini. Saa nne hivi Mzee Otto alifika na fundi. Mikeka ikatandikwa uani, wachezaji wakakaa duara, miguu mbele. Daimu alikaa upande wa jikoni, mgongo kwenye mlango, mahali alipozoea kukaa ili apewe chai ya kwanza. Zulfa alikuwa mlangoni nyuma yake na ungo mikononi. Alikuwa akipepeta mchele waliposema kila mtu anyamaze.

"Siri ilitoka humu ndani," Mzee Otto alisema. "Sikio la Saimon walilijua kuliko Saimon mwenyewe. Mimi simtaji mtu."

"Hatutaji," fundi akaitikia. "Kuku huyu ameishi nanyi. Ameona aliyetoka na aliyeingia, amesikia aliyenong'ona. Atakwenda kwa mwenye siri yake."

Akamfungua jogoo kamba, akampaka kitu cheusi kichwani, akamweka katikati ya duara.

Jogoo alisimama. Alijikung'uta, akageuza jicho moja, kisha la pili. Zulfa alielewa kabla mtu mwingine yeyote hajaelewa. Alitaka kuweka ungo chini. Alitaka kurudi ndani na kufunga mlango. Lakini wazee walikuwa wamesema mtu asitikisike, na miguu yake ilitii wazee kuliko ilivyomtii yeye. Ungo ndio uliotikisika, kidogo tu, na punje chache zikadondoka.

Jogoo akaja mbio. Alikata duara moja kwa moja, akaingia katikati ya miguu ya Daimu, akanyoosha shingo kuelekea mlangoni. Fundi akamdaka hapo hapo.

Polikarp, aliyekaa ubavuni kwa Daimu, alisogeza makalio yake mkekani.

"Kuku ananijua mimi," Zulfa akasema.

"Nani anasema huko?" Mzee Otto akauliza. "Sema kwa sauti, binti."

"Kuku ananijua mimi. Ndiye mimi ninayemlisha. Alikuwa anakuja kwangu."

Ilikuwa mara ya kwanza wachezaji wengi kusikia sauti yake. Saimon akaangua kicheko, si cha ubaya, cha kutojua la kufanya. Wengine wakamfuata.

"Anakuja kwako," fundi akasema taratibu. "Na kaka yako yuko njiani. Basi kuku hakukosea. Kakuta ukoo mzima."

"Mwacheni mtoto," Daimu akasema. Hakugeuka kumtazama. "Yeye anapika tu."

"Hata sumu hupikwa," mtu akajibu.

Mchana ule Zulfa alimfuata kocha Valence kwenye chumba cha vifaa. Alikuwa amekaa juu ya gunia la mipira, akifundua kamba za viatu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Unataka kusema nini? Umesimama hapo mpaka kivuli kimehama."

Akamweleza. Maneno yalitoka nusu nusu, akiyarudia, lakini yalitoka yote: bomba, vijiko vya mezani, bakuli la maharage, mfua jezi na taulo shingoni. Alipomaliza, kocha alikuwa bado anahangaika na fundo lile lile.

"Ninajua," akasema.

Zulfa akainua macho.

"Mke wangu alikuwa kwenye foleni ile. Alinieleza jana jioni, baada ya mechi. Mpaka ile ishara ya kushika goti wanawake wale wanaijua, na bado hatujaitumia." Akakiweka kiatu chini. "Sasa nimwambie nani? Mwenyekiti? Nimwambie, mzee, mchawi ni meza yako? Nyumba ninayokaa amenipa yeye. Mkataba wangu anausaini yeye. Nikisema, timu itakuwa haina golikipa na haina kocha."

"Lakini kaka hana kosa."

"Hana."

"Na akitolewa kwenye timu atapunguzwa kazi."

"Atapunguzwa." Kocha alisema neno lile kwa upole kabisa, kama mtu anayemfunika mgonjwa shuka. "Daimu ni kijana, ana mikono mizuri. Hata Tunduru wanacheza mpira."

Jioni alimwambia na Daimu mwenyewe. Alidhani atakasirika, atakwenda kugonga mlango wa Mzee Otto. Daimu alisikiliza, akitazama viganja vyake.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Kocha."

"Usiongeze. Myao kambini kaonekana anacheka na Myao wa wageni. Kuku kamwendea. Halafu dada yake aseme mke wa mwenyekiti ndiye mvujishaji? Watasema tumeongeza na matusi. Angalau sasa wanasema nimeuza mechi. Wakitaka, watasema nimeuza na kiwanda."

"Sasa tufanye nini?"

"Kula," akasema. "Ugali unapoa."

Siku ya tatu Mama Hilda alikuja Ruhuwiko kuwapa pole. Alikuja na sahani ya maandazi, imefunikwa kitambaa, akakaa kwenye kigoda bila kujali vumbi. Daimu alikuwa ameitwa ofisini.

"Masikini mwanangu," akamwambia Zulfa, akimshika mkono. "Nimelia. Nimemwambia Baba Hilda, huyo kijana hana sura ya hivyo. Lakini wanaume wakishaamua, ndugu yangu. Na huyo aliyetoa siri, yupo tu, anakula, analala. Mungu anamwona."

Mkono wake ulikuwa wa joto, na macho yake yalikuwa mekundu kweli. Hakuwa akifanya maigizo. Zulfa alitambua kwamba mama huyu hakumbuki. Maneno yale yalimtoka kama maji ya kusuuza ndoo, na nani hukumbuka maji hayo yaliangukia wapi?

"Mama," akasema.

"Nambie, mwanangu."

"Siku ile. Jumamosi. Bombani."

"Bombani?"

"Ulipokuja na ndoo."

Mama Hilda alimtazama kwa upendo, akingoja. Zulfa aliyaona maneno yaliyobaki. Yalikuwa machache, hata mtoto angeweza kuyasema. Aliona pia uso ule ukibadilika baada ya kuyasikia, na mkono ule wa joto ukijiondoa.

"Ulinipisha nichote kwanza," akasema. "Sikukushukuru."

"Ah. Jambo dogo hilo."

Kabla ya kuondoka alisema lililomleta. Binti wake wa kazi alikuwa amerudi kwao Mbinga kuolewa. Zulfa asirudi shamba na kaka yake, akakae naye. Chakula chake, kitanda chake, na mshahara wa kumpelekea mama yake Nalasi mwisho wa mwezi.

Daimu alirudi kutoka ofisini saa tisa. Hakueleza alichoambiwa, wala Zulfa hakuuliza. Chumba kilikuwa cha kiwanda, kilitakiwa wazi Jumamosi. Zulfa akamweleza habari ya Mama Hilda.

"Nenda," Daimu akasema. "Mikorosho haitoi kitu mpaka mwisho wa mwaka. Mmoja wetu lazima awe na mshahara."

"Kwa yule mama?"

"Kwa yule mama. Ni mtu mwema, Zulfa. Hilo ndilo baya lenyewe."

Jumamosi Daimu alipanda lori la Tunduru pamoja na magunia ya sabuni na marobota ya mitumba. Glavu zake alizirudisha stoo kwa kuwa zilikuwa za timu. Alimpungia mdogo wake mara moja tu, maana barabara ilikuwa mbaya na ilibidi ashike chuma kwa mikono yote.

Kwa Mzee Otto walikula mapema, saa moja, jiko likiwa bado na moto. Zulfa alileta ugali, maharage na mchicha, akanawisha watu mikono, akarudi jikoni. Ukuta wa jikoni haukufika kwenye bati, sauti za mezani zilipita juu yake bila kupunguka.

"Mechi ya Jumapili tusipopata kitu tumeshuka," Mzee Otto alikuwa akisema. "Lakini sasa kambi ni safi. Tumebadilisha ishara zote. Saimon hashiki tena sikio."

"Anashika nini?"

"Lete vijiko nikuonyeshe."

Zulfa alichukua sufuria ya ugali, akaiweka kwenye karai, akaanza kuisugua kwa mchanga. Alisugua kwa nguvu zake zote, akitaka mkwaruzo ule ujaze jikoni, ujaze masikio, maana alijua sasa wapo wawili nje ya kambi watakaoijua ishara mpya, na anajua atakayetajwa ni yupi. Mkono ukamchoka. Akapumzika kidogo tu, kubadilisha mkono.

"Anavuta soksi," Mzee Otto alisema ng'ambo ya ukuta. "Ya kushoto."