Neno la Zizi la Magesa

Mume wa Mbuke alipokufa, shemeji yake Ndalahwa hakungoja hata matanga yaishe. Alitaka ng'ombe na alimtaka mjane. Nani angemtaka mlevi yule, mpiga wanawake! Mbuke akawahi. Ng'ombe wote kumi na wanne akawapeleka kwa Magesa, rafiki wa marehemu, ng'ambo ya mbuga ya Usangu, wafugwe zizini mwake kama Wasukuma wanavyowekeana. Wakapatana neno la siri: atakayetaja jina la ng'ombe aliyetangulia kwenye mahari ya Mbuke, apewe ng'ombe wote. Asiyelijua, hata awe mkuu wa mkoa, aondoke mikono mitupu. Ng'ombe wale ndio waliomfanya Mbuke ale chake na alale peke yake.

Basi akaja mtu na baiskeli, kaptula ya kaki, kalamu mfukoni, barua ina mhuri mwekundu. Eti kuna ugonjwa. Ng'ombe wote waliowekwa kwa watu waandikishwe, wako kwa nani na wanatolewa kwa neno gani, wapate kuchanjwa. Wasioandikishwa kufikia Ijumaa watapigwa risasi.

Rozalia, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, aliisoma barua ile mara mbili. "Dada, mhuri hata kwenye kiazi unachongwa. Bwana mifugo alipita juzi, mbona hakusema? Panda basi ukaulize Mbeya."

"Ijumaa ni kesho!" Mbuke alifoka. "Wakifa utanilipa wewe?"

Akalitaja neno, mwenyewe, kwa mdomo wake! Tena akamkaribisha mgeni maziwa. Mtu yule hakumjua yeye wala Magesa. Alijua tu kwamba wahamiaji huwekeana ng'ombe, akawa anabisha mlango hadi mlango mpaka apate mwoga.

Jumatatu Mbuke alifika kwa Magesa, akakuta zizi tupu.

"Alilitaja neno, shemeji," Magesa alisema, macho chini. "Ningemnyima, ungeniita mwizi."

Mbuke alikwenda mpaka Mbeya, ofisi ya mifugo. Karani alimsikiliza huku akila karanga, kisha akacheka kwa sauti, akawaita wenzake nao waje wasikie. "Mama, sisi tunauliza idadi tu. Neno lako la siri tulifanyie nini?" Wakacheka wote. Mbuke alisimama pale na aibu yake, hana hata wa kumtukana isipokuwa nafsi yake.

Habari zilimtangulia nyumbani. Alimkuta Ndalahwa ameketi mlangoni pake, amekuja na mkeka wake na fimbo yake, viatu ameshavivua. Ndalahwa alimtazama shemeji yake kuanzia miguuni hadi kichwani, taratibu, kwa raha zake.

"Sasa utakula nini, na utakula kwa nani?"

Mbuke aliuruka mkeka, akasukuma mlango.

"Nina njaa," Ndalahwa alisema.

Mbuke akaingia jikoni, akawasha moto.